Firigisi Ndani ya Mkate

Ukitaka kumjua jirani yangu wa Kitui, anza na kitambaa kilichoning'inia dirishani mwa jiko lake. Kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, kimefungwa fundo juu, na ndani yake mlikuwa na mala, yale maziwa ya kugandisha. Maji ya mala yalidondoka polepole ndani ya sufuria ndogo mchana kutwa, na mimi, nikiwa kibarazani kwangu na friji ya mtu nimeilaza chali, niliyasikia. Joto la Kitui saa nane mchana humfanya mtu aone vitu kama vimeanza kuyeyuka. Mbwa walilala. Kuku waliingia chini ya gari bovu la mwenye ploti tuliyopanga, wakaachama midomo. Katika utulivu huo sauti iliyobaki ilikuwa ya matone yale, na mara nyingi nilisinzia bisibisi ikiwa mkononi.

Nilimwita Mama, kwa kuwa alikuwa rika la mama yangu. Yeye aliniita Fundi. Watu wa mtaa walimwita yule wa Lebanoni, jina ambalo hakulipenda, ingawa hakuna aliyezungumza habari za huko kumshinda. Alikuwa amefanya kazi ya nyumbani huko kwa miaka mingi, katika nyumba iliyotazama bahari, akipika na kulea watoto wa watu. Alirudi na sanduku moja, chupa ya kijani ya mafuta ya zeituni, na namna ya kutengeneza mkate wa kuku ambayo mtaa wetu ulikuwa haujaiona.

Alimrudia pia binti yake. Alipoondoka, mtoto huyo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Aliporudi, alimkuta mwanamke mzima anayesuka nywele za watu sokoni Zombe. Alikuwa amelelewa na susu yake, mama wa mama yake, na binti alimwita huyo susu Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama. Mama aliyemzaa, binti alimwita Aunty. Hakumwita hivyo kwa ubaya. Alimwita hivyo kwa adabu, na nadhani adabu ndiyo iliyouma zaidi.

Basi haja ya Jirani ilikuwa moja tu. Alitaka binti huyo aje kwake, aketi, ale mkate uliotoka mikononi mwake. Hakutaka kuombwa msamaha wala kuitwa jina lolote. Alitaka amwone akila, ashibe. Mengine yote niliyomwona akifanya katika miaka tuliyopakana ukuta yalizunguka hapo, hata yale ya kuchekesha, na ya kuchekesha yalikuwa mengi.

Mkate wenyewe, wa kila Jumamosi, ulianza jana yake. Kuku wa broila hakuwataka. Alisema ni pamba yenye miguu. Alinunua wa kienyeji, na kwa kuwa kidari cha kienyeji ni kigumu, alikikata vipande vyembamba, akavilaza ubaoni na kuvigonga kwa kitako cha chupa ya soda. Mlio wa chupa ule tuliusikia ploti nzima, tukajua kesho ni Jumamosi. Kisha alivilaza vipande katika mala, maji ya limau, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, akafunika na kuviweka ndani ya friji. Friji hiyo ilikuwa kuukuu kabisa, na niliifungua na kuifunga hata nikaizoea kama mfuko wa suruali yangu.

Siku ya pili aliweka kikaango cha chuma juu ya jiko la makaa, moto mdogo. Hapo ndipo mtu alipoacha kazi. Harufu ya limau na saumu ilipanda polepole, ikapita juu ya ukuta, ikavuka barabara hadi kwa mafundi wa pikipiki, nao wakainua vichwa. Jirani hakugeuza nyama kabla ya wakati wake. Alisimama tu na mwiko, akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Mama, haitaungua?" niliuliza siku za kwanza.

"Wacha kuiharakisha. Itajiachilia yenyewe kwa kikaango. Ikiwa bado imeshika, bado haitaki."

Na kweli, nyama ilipokuwa tayari iliachia chuma, akaigeuza kwa kidole na mwiko. Mkate ulikuwa ule wa kawaida wa dukani usiokatwa. Aliupasua kwa mikono, akaukausha katika kikaango kile kile ili ubebe mafuta na maji ya nyama. Nyanya alizikata mapema na kuzinyunyizia chumvi. "Nyanya ilie kwanza," alisema, "isije ikalilia ndani ya mkate." Tango alilikata jembamba hata ungeona mwanga ukipita. Mala iliyochujwa, ambayo sasa ilikuwa nzito ya kupakwa kwa kisu, aliichanganya na majani ya mnanaa yaliyokatwakatwa, akaipaka pande zote mbili. Mwisho alifungua ile chupa ya kijani na kudondosha mafuta kidogo sana, akiwa amefunga pumzi.

Mnanaa ulimea katika mabeseni yaliyopasuka, chini ya dirisha, na ulinyweshwa maji ya kuoshea mchele. Kwetu maji hayamwagwi ovyo, na yeye alijua kila sufuria ya maji machafu itaenda kwa beseni gani. Mwezi wa tisa, wakati ukame umekausha kila kitu hadi ukuta unaonekana na kiu, pale chini ya dirisha palikuwa na kijani. Nilipenda kupita karibu nikakanyaga jani moja kwa makusudi.

Nilipouminya mkate wake kwa mikono miwili mara ya kwanza, kama nilivyozoea kuminya kila chakula, aliniangalia kwa huruma. "Polepole, Fundi. Hiyo si gunia ya saruji."

Mtaa haukumwelewa mara moja. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilipofika kwake kwa maombi, aliwapa kila mmoja mkate wake, umekatwa katikati na kupangwa vizuri. Walikula, wakashukuru, wakaketi. Wakaendelea kuketi. Nyimbo ziliisha, maombi ya kufunga yakaisha, na hakuna aliyeinuka. Mwishowe mama mmoja mzee, aliyekuwa na fimbo na ujasiri wa umri wake, akasema:

"Mama wa nyumba, tumeshukuru kwa mkate. Sasa ile kuku italetwa?"

"Lakini mmeshakula kuku."

"Tumekula nini? Mimi sijaona mfupa."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Kwetu mtu haamini kwamba amekula kuku hadi mfupa ubaki kwenye sahani, na kila mmoja ajue alipewa sehemu gani, na kwa nini. Nyama iliyochanwa na kufichwa ndani ya mkate inaweza kuwa ya yeyote, na tena haimheshimu yeyote. Jirani aliingia jikoni, akatoka na mifupa aliyokuwa anaichemshia supu, akaigawa kwenye visahani. Uso wa yule mzee ulifunguka. Tangu siku hiyo kila mgeni aliwekewa mkate wake, na kando yake kisahani chenye mfupa mmoja au miwili. Nimeona watu wakimaliza mkate, wakanyonya mfupa kidogo kwa heshima, ndipo wakasema sasa tumeshiba.

Mimi mfupa haukunisumbua. Kilichonisumbua kilikuwa firigisi. Msomaji asiye wa kwetu aelewe kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamume, na kama hayupo, ni ya mgeni wa kiume anayeheshimiwa. Kwa Jirani hakukuwa na mwanamume. Mumewe alikufa zamani, kabla hata ya safari ile. Mwanamume aliyeonekana karibu na jiko lake kila Jumamosi nilikuwa mimi, na kwa hesabu zangu jambo hilo lilikuwa wazi. Kwa hiyo nilipokea mkate wangu, nikaufunua kidogo, nikautazama ndani. Nikatazama kisahani. Nikatazama jikoni.

"Fundi, unatafuta nini hapo?"

"Hakuna, Mama."

"Firigisi iko na mwenyewe."

Alikuwa ameikata vipande vidogo, akaikaanga na pilipili hoho, akaitia katika mkate mwingine uliopangwa vizuri kuliko yote. Mkate huo aliufunga kwa kitambaa safi chenye maua ya buluu na kuuweka ndani ya sufuria yenye kifuniko.

"Mwenyewe ni nani?"

"Binti yangu. Anaweza kufika leo."

Nilinuna kidogo, siwezi kuficha. Nikasema kwamba kwetu msichana hapewi firigisi. Hakukasirika. Alifuta mikono kwa aproni, akanijibu kana kwamba ananieleza bei ya sukari.

"Hapa mwenye nyumba ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi firigisi ni yangu. Na mimi nimempatia mtoto wangu. Kuna shida?"

Hakukuwa na shida. Ila binti hakufika, na Jumamosi iliyofuata hakufika pia. Sufuria ilikaa mezani mchana wote na kifuniko chake. Jua lilipoegemea na adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa upande wa soko, Jirani alifunua, akafungua kitambaa, na kumpa mkate yeyote aliyekuwa anapita: mama wa maziwa, mlinzi, mara nyingi mimi. "Kula wewe. Mwenyewe hajafika. Lakini usifurahie sana." Nikaila firigisi niliyokuwa nimeitamani, nikiwa nimesimama mlangoni, na ilikuwa tamu sana, na niliona aibu kwamba ni tamu.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alihubiri uvumilivu mbele ya kikaango, lakini simu ikichelewa kuita aliitikisa kama dawa ya kikohozi. Angekupa kuku mzima, ila limau alitoa kwa kusitasita, tena lile dogo. Kanisani aliomba macho wazi. Mchungaji alipomuuliza, alisema akifumba anaona jiko la watu. Na ile chupa ya kijani, aliyoifungua kwa pumzi iliyofungwa, mafuta yake ya zeituni yaliisha kabla hata sijahamia ploti ile. Nilimkuta siku moja akiijaza mafuta ya kawaida ya kupikia, akitumbukiza na kijiti cha mnanaa. Alinitazama bila haya.

"Chupa inakumbuka," alisema, akaendelea kumimina.

Juu ya waajiri wake hakusema baya wala zuri. Ukimdodosa alijibu, "Walikuwa watu," akabadilisha mazungumzo. Bahari ndiyo aliyoizungumzia. Aliizungumzia kama mtu anayezungumzia leso aliyoisahau kwenye nyumba ya rafiki. Alikuwa ameiona kila siku kutoka dirisha la jiko: asubuhi ya kijivu, mchana ya buluu kali, jioni ya rangi ya chai. Nilipomuuliza maji yake yako aje, ni moto au baridi, alinijibu:

"Sijui. Nilienda mara moja tu, na hiyo siku nilikuwa nimebeba viatu vya watoto."

Jioni upepo wa Kitui ulipoanza, ule unaokuja na vumbi jekundu na unaofanya mabati yapumue, mnanaa chini ya dirisha uliyumba na kutoa harufu. Hapo Jirani aliacha alichokuwa akifanya, akageuza uso kuelekea upepo. "Sasa wanatoka shule," alisema. Alimaanisha wale watoto wa huko. Nilihesabu kimoyomoyo nikajua kwamba wale sasa ni watu wazima wenye ndevu, pengine wana watoto wao. Sikumwambia. Jioni yenyewe ilikuwa laini sana, na mimi pia, nikitazama pale alipotazama, karibu nione maji nyuma ya mabati.

Nadhani mazoea hayo ya kusema bila kujisikia ndiyo yaliyomponza siku binti alipokuja.

Alikuja Jumamosi, katikati ya msimu wa ndengu. Susu, Mwaitu wake, alikuwa amemtuma alete gunia dogo la ndengu kutoka Zombe, na mtu wa pikipiki alilibeba kutoka stendi hadi mlangoni. Mimi nilikuwa ndani ya jiko la Jirani, nyuma ya friji, mikono imejaa waya. Nilimwona kupitia upenyo. Alikuwa mrefu kama mama yake, na aliinamisha kichwa upande mmoja kama mama yake, na sidhani alijua. Aliketi pembeni mwa kiti akiwa ameweka mkoba magotini.

Jirani alizunguka jikoni kama mtu aliyepotelewa na kitu. Aliinua sufuria, akaiweka, akaiinua tena. Alifungua kitambaa cha maua ya buluu mbele ya binti yake kwa mikono miwili. Mkate ulikuwa bado na joto.

"Karibu, mwanangu. Kula. Kuna firigisi ndani."

"Firigisi? Yangu?" Binti alicheka kidogo, kicheko cha kushangaa. "Aii, Aunty. Mwaitu akisikia."

"Wacha asikie."

Binti akaufunua mkate, na kwa ncha za vidole akaanza kutoa pete za kitunguu, moja moja, akizipanga ukingoni mwa sahani. Jirani alifurahi sana kumwona akifanya hivyo, kwa kuwa ni jambo dogo la mtoto, na furaha ile ikamfungua mdomo.

"Hata watoto wangu hawakuwa wanapenda kitunguu!"

Nilisikia matone ya mala yakidondoka. Moja, jingine.

"Watoto wako gani, Aunty?"

"Wale... wale wa huko."

"Hii mkate ulikuwa unawatengenezea?"

"Kila asubuhi. Ya kubeba shule."

Binti alirudisha pete za kitunguu ndani ya mkate. Alifunika, akakunja kitambaa pembe kwa pembe, vizuri kabisa, akakisukuma hadi katikati ya meza.

"Mimi nilikuwa nabeba muthokoi, mahindi ya kukoboa tu," alisema. "Kwa mkebe wa mafuta. Mwaitu alikuwa anafunga na kamba ya katani isimwagike. Na ilikuwa tamu." Akainuka. "Asante, Aunty. Wacha niende, gari ya Zombe itaniacha."

Hakufunga mlango kwa nguvu. Nilimsikia akimsalimia mama mwenye ploti huko nje kwa sauti ya kawaida. Mimi nilibaki nyuma ya friji nikiwa sina la kufanya, siwezi kutoka, siwezi kugonga chuma nikajifanya nafanya kazi. Jirani alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya kile kitambaa.

"Fundi," alisema, bila kugeuka. "Wale watoto walikuwa wawili. Mimi nilikuwa nafunga mikate mitatu."

Niliiweka bisibisi chini.

"Ya tatu naweka kando. Wakienda shule, nyumba ikinyamaza, naila hapo kwa dirisha. Nasema huyu wangu ameshiba. Halafu naosha vyombo."

"Mama, mkimbilie umwambie. Stendi si mbali."

"Nikimwambia ataona najitetea." Alikaa kwenye kile kiti alichoacha binti. "Na si kweli alishiba. Nilishiba mimi."

Nilikuwa na hasira siku ile, na sikujua ya kumpelekea nani. Nilitaka kumkasirikia binti, nikakumbuka mkebe wa mafuta uliofungwa kwa kamba. Nilitaka kumkasirikia mama, nikaona mikono yake. Nikaitengeneza friji vibaya, ikabidi nirudi Jumatatu.

Binti aliendelea kuja mara chache, Krismasi au kukiwa na matanga. Alikunywa chai tu. Chakula alikataa kwa adabu, ametoka kula, tumbo si zuri, ana haraka. Jirani hakumlazimisha. Lakini kila Jumamosi chupa ya soda iligonga ubao, mala ikadondoka, na mkate mmoja ukafungwa kwa kitambaa chenye maua ya buluu. Kitambaa kilipauka hadi maua yakawa kama madoa ya maji. Alikuwa amezoea kungoja, nami nilizoea kumwona akingoja, na miaka ilienda hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Nilioa, nikahamia mji wa Wote kwa upande wa mke wangu, ambako watu wana machungwa na malimau na friji nyingi zinazoharibika. Siku ya kuhama Jirani alinipa mzizi wa mnanaa ndani ya kopo lenye udongo. "Mnyweshe maji ya mchele," alisema. "Na usimwonee huruma. Umkate, umkate." Mnanaa umejaa nyuma ya nyumba yangu leo hata mke wangu analalamika. Ninatengeneza mkate wa kuku mwenyewe, na watoto wangu hutoa vitunguu wakavipanga ukingoni mwa sahani, na kila mara wakifanya hivyo nageuza uso.

Mwaka jana, kiangazi kikiwa kimeshika, nilipigiwa simu kwamba Jirani ameteleza karibu na tangi la maji akavunjika mkono wa kulia. Habari ilikuwa imechelewa kunifikia. Nikajaza mfuko malimau, makubwa tu, nikapanda gari. Nilifika Kitui mchana, ile saa ya kuyeyuka. Mbwa walikuwa wamelala. Nilipokata kona ya ploti jambo la kwanza nililoona ni kitambaa cheupe dirishani, kimefungwa fundo, kinadondoka.

Nikajiuliza nani amekifunga, kwa mkono mmoja hakifungiki.

Alikuwa binti. Alisimama mbele ya jiko la makaa akiwa na aproni ya mama yake, mwiko mkononi. Jirani alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mdogo kuliko nilivyomwacha, mkono umefungwa plasta na kutundikwa shingoni kwa leso. Walioenda kumwita Zombe ni wale akina mama wa kanisa. Susu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na binti alikuwa peke yake kule. Alisema atakuja siku mbili tu, na sasa ulikuwa umepita mwezi na zaidi. Hata wateja wake wa nywele walikuwa wameanza kumtafuta Kitui.

"Fundi!" Jirani alisema. "Umenenepa. Umeleta limau? Leta nione."

"Huyu anasumbua," binti aliniambia akinipa kiti. "Ati nyama haitaki. Ati nyanya ilie kwanza. Nimesuka vichwa vya maharusi, sijasumbuliwa hivi."

"Weka chumvi uone kama haitalia."

"Nimeweka, Aunty."

Bado alimwita Aunty. Lakini sasa ilitoka haraka, na kelele kidogo, kama mtu anavyomjibu mtu wa kwao. Alifikia firigisi, ikiwa juu ya ubao, akainua kisu.

"Hii ni ya nani? Ya Fundi?"

Nilikuwa karibu nikohoe kwa unyenyekevu, ila Jirani aliwahi.

"Weka kwa yangu."

Nilishangaa. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akiila.

"Ni sawa," binti alisema. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Lakini iweke upande mmoja tu wa mkate. Nisikie vizuri. Na leo usiweke kitunguu, kinanisumbua tumbo."

Nikashangaa tena, kwa kuwa tumbo lake halijawahi kusumbuliwa na kitu chochote. Binti alipanga kila kitu kwa uangalifu, akadondosha mafuta kutoka chupa ya kijani, akaukata mkate katikati. Mimi nilipewa wangu, na kisahani chenye mfupa. Yeye mwenyewe alijimiminia chai. "Mimi sina njaa," alisema, kama kawaida. Akaketi kwenye kigoda mbele ya mama yake, kwa kuwa mkono mmoja wa Jirani haukutosha kushika mkate uliojaa, akamshikia mdomoni.

Jirani alikula nusu ya kwanza polepole. Nyumba ilinuka limau na moshi. Nje hakuna kilichotembea. Alipoimaliza, binti aliinua nusu ya pili, ile yenye firigisi, akaisogeza.

"Nimeshiba," alisema Jirani.

Nilimtazama. Mwanamke huyu alikuwa anakwangua kitambaa cha mala kwa kisu, anaokota makombo ya mkate kwa kidole kilicholowa. Sijawahi kumwona akiacha chakula.

"Kidogo tu, Aunty."

"Kaa nayo kwanza. Nitakula baadaye. Ebu mwambie Fundi ile hadithi ya mteja aliyelala."

Binti akacheka, akanigeukia, mkate ukiwa mkononi. Akaanza kunieleza habari za mwanamke mmoja wa Zombe aliyesinzia akisukwa, akaangukia mapajani mwake, akakoroma, na watu waliopita sokoni wakidhani ni maombi ya kuponya. Aliiga mkoromo. Aliiga mchungaji aliyefika na kuanza kukemea mapepo. Na mahali fulani kati ya mkoromo na mapepo, bila kutazama, aliuma mkate.

Alitafuna, akaendelea kusimulia. Akauma tena.

Nilifungua mdomo, sijui ningesema nini. Jirani, nyuma ya bega la binti yake, aliinua mkono wake wa kushoto, akaweka kidole kwenye midomo. Nikaufunga mdomo wangu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayefuatilia hadithi, nikacheka pale pa kucheka, ingawa sikuwa nasikia neno. Nilisikia mala ikidondoka. Nilimwona binti akiipata firigisi, akaitafuna polepole kwa utamu wake, halafu akarukia tena hadithi, hadi mwisho, hadi mteja alipoamka na kuuliza kama nywele zimeisha. Alilamba mala iliyobaki kidoleni. Akafuta mkono kwa aproni.

Jirani aliegemea kiti. Alifumba macho, yeye asiyefumba hata kanisani, na kusema jambo kwa sauti ndogo sana. Mimi nililisikia kwa sababu nilikuwa karibu, na kwa sababu nilikuwa nalijua.

"Huyu wangu ameshiba."

"Umesema nini, Aunty?" binti aliuliza.

"Nimesema umwongezee Fundi chai."